Mtu wa Akiba Naye Ana Ratiba

Ukipiga 120 jijini Guangzhou, anayepokea simu ni mtumishi wa kituo cha jiji cha kuongoza huduma za dharura. Yeye hana gari, hana dereva wala muuguzi. Kazi yake ni kusikiliza, kujua uko wapi, kisha kuiamuru hospitali ya karibu iliyo kwenye mtandao wa dharura itoe gari. Hospitali hiyo ndiyo yenye gari, na ndiyo inayowaajiri daktari, muuguzi na dereva wanaopanda humo. Shanghai wanafanya tofauti, kituo chao kina magari na watu wake. Guangzhou imeamua amri itoke sehemu moja na watu watoke hospitalini, na wataalamu wa China wanapoieleza mifumo yao ya dharura huutaja huu kwa jina la mji huo.

Kwa anayepanga zamu, mfumo huo unaonyesha wazi jambo ambalo kwingine hujificha. Muuguzi wa gari akiugua jioni, anayechukua nafasi yake anatoka idara ya dharura ya hospitali ileile. Gari linaondoka na watu kamili, na taarifa ya gari itaandika kwamba hapakuwa na upungufu. Upungufu upo wodini, kwa muuguzi aliyebaki na wagonjwa wa wawili. Pengo halikuzibwa, limehamishwa tu. Msomaji aliyefanya kazi hospitali ya wilaya Tanzania analijua hili bila kwenda China: mgonjwa wa rufaa anasindikizwa na muuguzi aliyetolewa wodi ya wazazi, na asubuhi anaporudi amechoka hakuna anayejua kama usiku ule uhesabiwe zamu au msaada.

Ninawaandikia wafawidhi, wasimamizi wa vituo, na yeyote anayeshika kalamu ya rosta. Shida ya watu wa akiba, yaani wanaoziba nafasi ya asiyekuwepo, huchukuliwa kuwa ni ya nidhamu, au ya moyo wa kujituma, ilhali sehemu yake kubwa ni ya hesabu na ya kuandika mapema. Tuanze na hesabu, maana bila hiyo ushauri mwingine wote ni porojo.

Chukua kiti kimoja tu ndani ya gari, tuseme cha muuguzi, kinachotakiwa kuwa na mtu usiku na mchana mwaka mzima. Ni saa 8,760. China wiki ya kazi ni saa 40, yaani saa 2,080 kwa mwaka kwa mtu mmoja. Toa sikukuu za taifa, ambazo tangu 2025 ni siku 13. Toa likizo ya mwaka, ambayo kwa mwenye utumishi wa miaka 10 hadi 20 ni siku 10. Toa siku 12 za ugonjwa na mafunzo. Hili ni kadirio langu, wewe weka la kituo chako kutoka kwenye daftari la mahudhurio. Zinabaki saa 1,800. Gawanya 8,760 kwa 1,800, unapata watu 4.87 kwa kiti kimoja. Gari lenye viti vitatu linahitaji watu 14.6, yaani 15. Mwenye watu 12 kwa gari kama hilo asiwalaumu watoro.

Rudi nyumbani ufanye hesabu hiyo hiyo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki na likizo ya siku 28. Ukitoa likizo, sikukuu, ugonjwa na mafunzo, mtu mmoja anabakiwa na kama saa 1,950 za kukaa kwenye gari. Kiti kimoja kinataka watu wanne na nusu. Sasa jiulize hospitali yako ina madereva wangapi wa gari la wagonjwa, na huyo nusu analala saa ngapi.

Kuna namba nyingine ndani ya hesabu hii ambayo wapangaji wengi hawaitazami. Kama asingekuwepo anayeugua wala anayekwenda likizo, kiti cha Guangzhou kingehitaji watu 4.21. Tofauti kati ya 4.21 na 4.87 ndiyo akiba yenyewe: theluthi mbili ya mtu kwa kila kiti, watu wawili kwa gari zima. Kwa hiyo pengo tunaloliita la ghafla lina idadi inayojulikana tangu Januari. Kisichojulikana ni jina la atakayekosekana na siku yake, na hata hapo si mara zote. Katika zile saa 280 tulizozitoa kwa kila mtu, 184 ni za sikukuu na likizo, na hizo huwa ziko kwenye kalenda. Theluthi mbili ya mapengo yanaweza kuandikiwa jina la mzibaji mwezi mmoja kabla. Mtu akipigiwa simu saa 4 usiku aje kuziba likizo iliyotiwa saini mwezi uliopita, hapo dharura hakuna. Kuna mpangaji ambaye hakupanga.

Swali linalofuata ni nani awe mtu wa akiba. Njia moja ni kuwa na kundi la kudumu, watu ambao kazi yao ni kuziba tu. Njia ya pili ni kumpa kila mtu wiki ya akiba kwa mzunguko, kama inavyofanyika katika rosta za baadhi ya huduma za magari ya wagonjwa Uingereza. Mimi naegemea ya pili, hasa kwa vituo vidogo. Kundi la kudumu kwenye karatasi ni zuri, lakini kwetu huishia kuwa la wasio na sauti: wa mkataba mfupi, intani, kijana anayejitolea akisubiri ajira. Hao hawakatai simu. Sikukuu zao hazikumbukwi na mtu, na anayewapangia hahisi uzito wa anachokipanga. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Wiki ya akiba ikimzungukia kila mmoja, na mfawidhi mwenyewe akiwamo pale anapohesabiwa zamuni, kanuni mbovu hazidumu hata miezi miwili.

Ugumu ni kwamba dereva hawezi kukaa kwenye kiti cha muuguzi, na theluthi mbili ya mtu haikatiki. Kituo chenye gari moja hakiwezi kuwa na akiba yake kamili kwa kila kada. Magari matatu yakiungana, theluthi mbili mara tatu ni watu wawili, na hapo rosta inaandikika. Mfumo wa Guangzhou unabanwa hapa, kwa sababu kituo cha 120 kinaona magari yote lakini watu ni wa waajiri tofauti, na muuguzi wa hospitali moja haazimwi kirahisi na hospitali ya mtaa wa pili. Tanzania kuna mfano wa kuutazama. Mpango wa m-mama, unaopokea simu za wajawazito na watoto wachanga kwa namba 115, humtuma dereva wa jamii aliyeingia makubaliano pale gari la wagonjwa linapokuwa halipatikani, na malipo yake hupitia simu. Dereva huyo ni akiba halisi, nje ya ajira ya serikali. Naye anastahili kuulizwa mapema usiku wa leo yuko macho au la, badala ya kudhaniwa kwamba mwenye gari lake hulala akiwa amevaa viatu.

Sasa tuiingie wiki ya akiba yenyewe, maana hapa ndipo watu huumia. Wiki ya akiba isiyo na mipaka ni kifungo cha nyumbani. Mtu hajui amuache mtoto na nani, hajui apike au asipike, hawezi kwenda msibani Kigamboni kwa sababu huenda akaitwa. Mipaka ninayoipendekeza ni hii. Sehemu ya wiki iwe ya zamu zilizokwisha kuandikwa, za kuziba likizo na mafunzo, zikitangazwa wiki nne kabla kama za wengine wote. Siku mbili hivi ziwe za kusubiri, kwa ajili ya magonjwa na misiba, na kusubiri huko kuwe ndani ya saa 12 zinazotajwa, kwa mfano saa 1 asubuhi hadi saa 1 jioni. Saa 1 jioni ikipita hajaitwa, amemaliza zamu yake, azime simu kwa amani. Siku zilizobaki ni za mapumziko na haziguswi hata kama gari linakosa mtu. Likikosa mtu siku hiyo, pengo liandikwe hivyo hivyo lilivyo na lipelekwe kwa mwenye mamlaka ya kuajiri.

Katika hospitali nyingi za China kuna zamu ya kusubiri, wenyewe huiita beiban. Wazo ni zuri, ila kuna mtego unaofanana na wetu: anayewekwa kusubiri usiku mara nyingi ndiye aliyefanya kazi mchana. Piga hesabu ya usingizi wake. Ameamka saa 12 asubuhi, akaitwa saa 4 usiku. Ikifika saa 10 alfajiri amekuwa macho kwa saa 22, na ndiyo saa ambayo mwili wa binadamu uko chini kabisa. Watafiti Dawson na Reid walionyesha mwaka 1997, katika jarida la Nature, kwamba kukaa macho kwa saa 17 hupunguza umakini sawa na kuwa na kileo cha asilimia 0.05 kwenye damu, na saa 24 ni sawa na asilimia 0.10. Sheria ya China humhesabu dereva kuwa amekunywa akifika miligramu 20 katika mililita 100 za damu, yaani asilimia 0.02, na akifikisha 80 ni kosa la jinai. Dereva wa akiba aliye macho kwa saa 17 hajagusa bia, lakini kwa kipimo cha umakini amefikia mara mbili na nusu ya kiwango cha kwanza. Hakuna askari wa barabarani anayepima hilo. Anayeweza kulizuia ni mpangaji, kwa kanuni moja: anayesubiri usiku hafanyi kazi mchana wake.

Mapumziko kati ya zamu na zamu yahesabiwe tangu mtu alipomaliza kweli. Sheria ya Tanzania inataka saa 12 mfululizo kati ya kuacha kazi na kuianza tena, na Ulaya ni saa 11. Tatizo la gari la wagonjwa ni kwamba zamu haiishi inapoandikwa inaisha. Simu inaingia dakika kumi kabla ya makabidhiano, mgonjwa yuko mbali, hospitali ya rufaa ina foleni, na aliyetakiwa kutoka saa 1 asubuhi anatoka saa 3. Kama jioni ya siku hiyo ameandikwa kuingia saa 1, amepungukiwa saa mbili za haki yake, na rosta iliyobandikwa ukutani inaonyesha yuko sawa. Weka daftari la saa halisi za kutoka. Mtu wa akiba ndiye anayehitaji daftari hilo zaidi, kwa sababu yeye hana mzunguko wa kudumu ambao mtu mwingine angeweza kuusoma na kushtuka.

Wauguzi wa China wana mpangilio unaojulikana kwa herufi A, P na N: asubuhi, alasiri, usiku. Mwelekeo huo ni mzuri kwa mwili, maana ni rahisi kuchelewa kulala kuliko kuwahi. Mtu wa akiba ndiye anayevurugiwa: Jumatatu asubuhi, Jumanne usiku, Alhamisi asubuhi tena. Amua tangu mwanzo kama wiki yake ni ya mchana au ya usiku. Utapoteza uhuru kidogo wa kumpeleka popote, lakini utapata mtu anayeweza kusoma kipimo cha dawa saa 10 alfajiri. Kuhusu usingizi mfupi kazini, mwongozo wa Marekani wa mwaka 2018 kwa huduma za dharura ulipendekeza waziwazi watu wapewe nafasi ya kusinzia wakiwa zamuni, na ukashauri zamu ziwe fupi kuliko saa 24. Kwetu kulala zamuni bado ni kosa la kuandikiwa barua. Nadhani barua hiyo ibadilishwe iwe kibali cha maandishi: nani alale, wapi, muda gani, na nani awe macho karibu na simu.

Kuna siku ambazo kila mtu anajua zitakuwa nzito. Guangzhou ina Maonyesho ya Canton, yanayofanyika tangu 1957, ambayo siku hizi huwa Pazhou kuanzia Aprili 15 hadi Mei 5 na tena Oktoba 15 hadi Novemba 4. Wafanyabiashara wetu wanayajua vizuri kuliko mimi. Kituo kinachoruhusu theluthi ya watu wake waende likizo katikati ya Oktoba hakiwezi kusema kimeshtukizwa. Halafu kuna Mwaka Mpya wa Kichina, ambapo watumishi wengi waliotoka mikoa mingine wanataka kupanda treni wakawaone wazazi. Hapo hesabu ya haki haifanyiki kwa mwezi mmoja, inahitaji kumbukumbu ya miaka mitatu: nani alibaki mwaka juzi, nani mwaka jana.

Pwani yetu ina ugumu ambao Guangzhou hawana. Mwaka wao mpya hubadilika tarehe, lakini kalenda huijua miaka mingi kabla. Idd hutegemea mwezi kuandama, na usiku wa mwezi 29 wa Ramadhani mpangaji wa Mombasa, Tanga au Unguja hana hakika kesho ni sikukuu au ni funga ya 30. Andika rosta mbili, ya kuandama na ya kutoandama, na uzibandike zote wiki mbili kabla. Watu wa akiba wawe wale wale kwa siku zote mbili, na wasio Waislamu wanaojitolea kushika Idd wapewe Krismasi au Pasaka kwa maandishi, si kwa ahadi ya mdomo iliyotolewa dirishani. Ahadi hizo husahauliwa Desemba.

Hali ya hewa nayo ina kanuni yake. Kimbunga Mangkhut kilipoipiga Guangdong tarehe 16 Septemba 2018, watu walitakiwa kubaki ndani. Mtu wa akiba anayesubiri nyumbani siku kama hiyo hana faida, hawezi kufika. Dar es Salaam hatuhitaji kimbunga: masika ikijaza maji Jangwani, Barabara ya Morogoro hufungwa, na muuguzi wa Kimara anayesubiriwa mjini anabaki upande wa pili. Tahadhari ikitolewa, anayesubiri aingie kituoni kabla ya maji, alale hapo, na saa zake zihesabiwe kazi tangu alipoingia.

Jinsi ya kumwita mtu inahitaji adabu na utaratibu. Usitume ombi kwenye kundi la WhatsApp, na wenzetu wa Guangzhou wasitume kwenye WeChat. Kundini hujibu yule yule kila mara, ama kwa sababu ana shida ya fedha ama kwa sababu hajui kusema hapana, na baada ya miezi mitatu ndiye anayeugua. Kuwe na orodha iliyopangwa kwa saa za ziada, aliye na chache juu, na apigiwe yeye kwanza. Simu iwe fupi: "Dada, samahani kwa usumbufu. Leo uko zamu ya kusubiri, mwenzetu wa usiku amepata msiba. Naomba uingie saa 1." Kwa asiye kwenye kusubiri, lugha ni ya kuomba, na akikataa haulizwi sababu. Kubadilishana zamu kuruhusiwe, kwa karatasi yenye majina mawili na saini ya aliyehakiki saa za mapumziko.

Akiba anayepelekwa kituo asichokizoea aongezewe nusu saa ya malipo kabla ya zamu, akague begi la dawa, oksijeni na redio. Hili linaonekana dogo hadi gari liitwe Shipai, kijiji kilichomezwa na jiji huko Tianhe, ambako vichochoro ni vyembamba na nyumba nyingi hazina lifti. Machela hubebwa kwa mikono. Wa Mji Mkongwe na wa Mji wa Kale Mombasa wananielewa. Mtu asiyejua gari linasimama wapi hupoteza dakika ambazo mwenyeji hazipotezi, hivyo kila mtu kwenye mzunguko wa akiba azungushwe mapema kwenye vituo atakavyoweza kutumwa, mchana, bila mgonjwa.

Malipo nitayapita haraka kwa sababu sheria imeshasema mengi. China saa za ziada ni asilimia 150 ya ujira, siku ya mapumziko isiyofidiwa 200, sikukuu 300. Tanzania ni mara moja na nusu kwa saa za ziada, mara mbili kwa sikukuu, na nyongeza ya asilimia 5 kwa kazi ya kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi. Kinachosahaulika ni kusubiri. Anayesubiri bila kuitwa alipwe kidogo, na akiitwa alipwe kamili tangu simu ilipoingia. Posho ndogo inayofika mwisho wa mwezi inashika watu kuliko kubwa inayodaiwa tangu mwaka jana.

Usibadilishe yote kwa mkupuo. Mwezi ujao anza na mambo mawili: daftari la saa halisi za kutoka, na orodha ya mapengo yaliyozibwa kwa taarifa ya chini ya saa 24, ukiandika nani alikosekana, kwa nini, nani aliziba, na alitolewa wapi. Kipengele hicho cha mwisho ndicho kitakachoonyesha wodi inayolipa gharama ya gari. Baada ya miezi mitatu weka orodha hiyo pamoja na hesabu ya kiti chako katika ukurasa mmoja, uuambatanishe juu ya barua ya kuomba nafasi za ajira, na uipeleke kabla bajeti ya mwaka haijafungwa.